Milango Yote Ilishushwa

Katikati ya jiji, pale barabara mbili kuu zinapokutana na kugombania nafasi, palikuwa na jengo la ghorofa saba ambalo watu wazima waliliita Jengo la Benki, ingawa benki yenyewe ilishahama. Vijana hawakuliita chochote. Chini yake ulipita ujia mrefu wenye baridi, na maduka pande zote mbili. Mojawapo lilikuwa la vifungo, na mwenye duka akaitwa Mama Vifungo. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa likijulikana kwa mwanawe na kwa watu wa kodi, basi.

Mtaa ule ulikuwa na enzi zake. Ulianza kwa mabohari na magunia. Wenye magunia wakatajirika wakaleta benki, benki zikavuta mawakili, mawakili wakavuta wapiga chapa, na wote hao wakavuta mafundi wa kuwavisha. Mama Vifungo alipoolewa na kuletwa dukani na mumewe, hakuna aliyethubutu kupita pale na shati lisilopigwa pasi. Watu walitania kwamba hata mwizi wa mifukoni alifunga tai, na kwamba askari alipotokea alimshuku kwanza yule asiye na tai, ambaye mara nyingi ndiye aliyeibiwa. Ikifika saa ya chakula cha mchana, makarani walijaa ujiani wameshika makoti mkononi. Mtu aliingia dukani akiwa amepungukiwa na kifungo kimoja, akatoka na heshima yake.

Kisha wakubwa wakagundua kwamba mjini hakuna pa kuegesha magari yao. Benki zikahamia kwenye majumba ya vioo huko juu kilimani, na mawakili wakazifuata kama vifaranga. Ghorofa za juu za Jengo la Benki zikawa stoo za makatoni. Lifti ikafia ghorofa ya nne na haikupata hata wa kuizika. Duka moja moja ujiani likafungwa, hadi yakabaki matatu: la Mama Vifungo, la Fundi Suti lililotazamana nalo, na la Bwana Muhuri kule mwisho, aliyechonga mihuri ya mpira na vibao vya majina vya kuweka mezani kwa mabosi. Siku hizi mabosi walikuwa wachache na hawakuwa na meza.

Mwanawe alimwambia mara nyingi aache, aje akae nyumbani apumzike. Alikuwa na chumba kizuri kwa mwanawe, na mkwe asiye na neno baya. Lakini kule nyumbani kila alichotaka kushika aliambiwa, "Acha mama, nitafanya mimi." Dukani hakuna aliyemwambia aache. Alijua droo ipi ina vifungo vya pembe na ipi ina vya shaba, na alijua kwamba mumewe alianguka akafa hapo nyuma ya kaunta, mkono ukiwa ndani ya droo. Kwa mwanawe alikuwa mgeni wa kudumu. Ujiani alikuwa mwenyeji, na hilo ndilo lililokuwa limemshika roho.

Basi wakuu wa jiji wakatangaza kwamba majengo yaliyokufa katikati ya mji yatabomolewa. Mama Vifungo alipojilaza hakupata usingizi. Fundi Suti ndiye aliyevaa suti yake ya kijivu, akaenda kukaa kwenye mabenchi ya ofisi za jiji mpaka wakamchoka, akarudi na ahadi. Jengo likikutwa na biashara hai, litakarabatiwa na wapangaji wake watabaki. Likikutwa limefungwa, basi. Mkaguzi angekuja wiki yoyote ndani ya mwezi ule, siku yoyote, bila kupiga hodi.

"Kazi yetu ni moja tu, shemeji," Fundi alimwambia. Alimwita shemeji kwa sababu mumewe alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. "Milango iwe juu."

Ikawa hivyo. Wateja walikuja mmoja asubuhi na mwingine Mungu akipenda, lakini milango mitatu ya chuma ilikuwa juu kuanzia mapema hadi jioni. Bwana Muhuri alikuwa na homa akaja hivyohivyo na shuka begani. Mama Vifungo aliacha kwenda kula, akawa anakula amesimama mlangoni, akimkagua kila mpita njia aliyebeba faili. Waliishi kwa kuvizia.

Mwezi ukiwa unakaribia kuisha, Fundi Suti hakuja. Ilipofika mchana binti yake alipiga simu. Mzee alikuwa ameketi kunywa chai, akasema anajisikia kuchoka, akainamisha kichwa mezani, na chai ikapoa.

Hapa lazima ielezwe desturi ya ujia ule, maana bila hiyo mtu atadhani watu wale walikuwa wajinga. Tangu enzi za tai, mwenye duka akifa, ujia wote ulishusha milango siku ya mazishi, tangu asubuhi hadi watu warudi kutoka makaburini. Hakuachwa mtu nyuma. Tena hakikubandikwa kikaratasi cha kusema tutarudi saa fulani, kwa sababu waliona huko ni kumharakisha marehemu, kama mtu anayeaga huku anatazama saa. Milango iliyoshushwa pande zote mbili ilitosha kusema. Mume wa Mama Vifungo alipozikwa, hata ile benki ya pembeni ilifunga dirisha lake moja, na Fundi Suti alishusha mlango siku aliyotakiwa kukabidhi suti za mabwana wa harusi nzima. Mabwana wale hawakurudi kwake tena. Hakuwahi kulitaja jambo hilo, na kwa kuwa hakulitaja, Mama Vifungo hakulisahau.

Asubuhi ya mazishi walikutana ujiani, yeye na Bwana Muhuri, wote wamevaa nguo nyeusi. Bwana Muhuri akasema kwa kusitasita kwamba mwezi umebaki siku chache, mkaguzi hajaja, na pengine mmoja wao angebaki. Alikuwa tayari kubaki yeye.

"Kaka, nani atamzika nani?" Mama Vifungo alimuuliza. "Tumebaki wawili. Mmoja akibaki, ndiyo ujia umekwenda?"

Bwana Muhuri hakubisha. Alishusha mlango wake, kisha akatoa mfukoni kipande cha karatasi ngumu alichokipiga muhuri kwa herufi zake kubwa nzuri, TUKO MSIBANI. TUTARUDI., akakibandika kwenye mlango wa Mama Vifungo, uliokuwa karibu zaidi na barabara. Alifanya hivyo bila kumtazama usoni.

Mama Vifungo alikisoma. Akamfikiria Fundi na zile suti zilizobaki zimening'inia bila wenyewe. Akaanza kukibandua kwa kucha, polepole, kuanzia kwenye kona, kisichanike, maana kazi ya mtu ni kazi ya mtu. Akakitia kwenye mkoba wake.

"Hatumharakishi," alisema.

Walimzika Fundi vizuri. Watu hawakuwa wengi, lakini waliokuwepo walivaa suti zake, na zilikuwa bado zimekaa mabegani kama siku ya kwanza. Mama Vifungo alilia mpaka akaona haya. Njiani kurudi alikuwa na amani ambayo hakuwa nayo mwezi mzima, na kwa amani ile hakujisamehe baadaye.

Ujiani walikuta rangi nyekundu bado mbichi. Alama ya mkasi, ile ya majengo ya kubomolewa, ilichorwa kwenye kila mlango, mistari miwili mirefu iliyokatana, kwenye ile iliyokufa miaka mingi na kwenye ile mitatu yao iliyokuwa bado hai. Aliyechora hakuona tofauti. Ingewezekana vipi aione? Mlinzi wa stoo za juu alisema bwana mmoja alikuja na vijana wawili wa rangi, akapiga picha, akamuuliza kama kuna watu huku chini. Mlinzi, ambaye alikuwa mgeni wa wiki moja, alijibu kwamba yeye hajui, yeye ni wa makatoni.

Bwana Muhuri aligusa rangi kwa kidole, akakitazama. Mama Vifungo alimngoja aseme, amtukane, amlaumu, apandishe sauti angalau mara moja maishani mwake. Bwana Muhuri alipangusa kidole kwenye mlango wake mwenyewe, akauinua, akaingia ndani kukusanya vyombo vyake vya kuchongea.

Mama Vifungo alikwenda ofisi za jiji peke yake. Akakaa kwenye mabenchi yaleyale ya Fundi. Kijana aliyempokea alikuwa na adabu, akampa kiti, akasikiliza yote: mazishi, desturi, benki iliyofunga dirisha. Kisha akamwonyesha picha. Mama Vifungo aliona ujia wake kama mtu mwingine alivyouona. Giza, milango ya chuma imeshushwa mwanzo hadi mwisho, hata karatasi hakuna.

"Mngebandika hata kikaratasi, mama," alisema kijana. "Ningekuwa na cha kushika. Lakini asiyekuwapo na lake halipo."

Kikaratasi kilikuwa kwenye mkoba, mapajani mwake. Angeweza kukitoa. Lakini angesema nini? Kwamba kilibandikwa, na kwamba aliyekibandua ni yeye? Alishika mkoba kwa mikono miwili, akashukuru, akaondoka. Ngazini aliketi, na watu wenye faili wakampita pembeni.

Jengo lilibomolewa kabla ya mvua. Yeye akabaki kwenye kile chumba kizuri, na droo za vifungo zikawekwa chini ya kitanda. Mjukuu wake alizichanganya zote siku moja akichezea, za pembe na za shaba. Mkwe akaomba radhi. Mama Vifungo akasema haidhuru, na kweli haikudhuru, hakukuwa na mtu wa kumuuzia. Bwana Muhuri hakumpigia simu hata mara moja. Yeye alimpigia mara nyingi mwanzoni, ikaita mpaka ikakata. Usiku alibishana naye kichwani, akimweleza habari za zile suti za harusi, na kila mara Bwana Muhuri wa kichwani alipangusa kidole chake, akauinua mlango, akaingia ndani.

Kisha mtoto wa Bwana Muhuri akapiga simu. Baba amefariki, anazikwa kesho saa nane.

Kesho yake Mama Vifungo alivaa nguo zake nyeusi mapema, akamwambia mkwe anatangulia mjini kwanza, ana jambo. Mkwe akauliza mjini kuna nini tena. Kwa kweli hakukuwa na kitu. Pale lilipokuwa jengo palikuwa na uzio mrefu wa mabati, na ndani yake shimo lililojaa maji ya kijani. Alitembea kando ya uzio akihesabia kwa macho, hapa Fundi, hapa mimi, kule mwisho kaka. Alikuwa amekuja kufunga. Mwenzake amekufa, yeye ndiye ujia wote uliobaki, na hakuwa na mlango wa kushusha.

Akafungua mkoba. Kikaratasi kilikuwa kimekunjika kona moja tu. Mlango ulioshushwa ulisema wenyewe, lakini mabati hayasemi, na leo hakuwa akimharakisha mtu. Alikibandika kwenye bati kwa gundi aliyoinunua njiani, akakisugua kwa kiganja mpaka kikashika. TUKO MSIBANI. TUTARUDI.

Mlinzi alitokea upande wa pili wa uzio, mtu mzima mpole, akamwamkia. Akasoma karatasi, akamtazama, akasoma tena.

"Pole na msiba, mama," alisema. "Lakini hapa hawaruhusu kubandika kitu. Nikikiacha, kibarua changu kitaota nyasi."

Akaanza kukibandua kwa kucha, polepole, kuanzia kwenye kona, kisichanike. Alipomaliza alimkabidhi kwa mikono miwili, na Mama Vifungo akakipokea.