Usigeuke, Usiongee, Usiondoke Kitini

...na sigeuki, aniite mara mia sigeuki, macho mbele kwa kile kijicho cha kamera juu ya kioo cha laptopu, na pembeni yake kile kiduara cha kijani kinachosema niko sawa, kikiwa manjano ni onyo, kikiwa chekundu mtihani umekufa, na mimi chekundu nakijua, nilikiona Aprili, swali la tatu, alama kumi, eleza kwa mifano wajibu wa mhudumu wa mifugo kwa mfugaji, dakika thelathini na nane zimebaki na nimeandika mistari minne tu, "Nyar Kegonga!" huyo tena, baba Dishon, baba wa mume wangu, hata bila kuona najua amesimama wapi, kwenye lile jiwe la kukwangulia matope mbele ya mlango, hawezi kuingia, mzee wa Kijaluo haingii hivi hivi nyumba ya mke wa mwanawe, sembuse chumba cha kulala, ambamo nimejifungia kwa sababu ndicho chenye mlango unaofungika, na mimi siwezi kutoka, siwezi hata kukohoa kwa mpangilio kama ishara, basi tuko hivyo, yeye na sheria zake nje, mimi na sheria za chuo ndani, usigeuke, usiongee, usiondoke kitini, na hakuna aliyefikiria kwamba siku moja sheria hizi zitakutana kwenye mlango wangu hapa Rodi Kopany... "Nyar Kegonga, unalala? Jua hii yote unalala?" binti wa Kegonga, ndilo jina langu hapa, Phelesia wameliacha huko Kuria siku niliyoolewa, na ananiongelesha Kiswahili kwa sababu anasema Kijaluo changu kinamuumiza meno, haya, aite, kama amekuja kuniharibia aharibu sauti yake mwenyewe, Jumapili si nilimwambia, nikiwa nimepiga magoti na jagi la kumnawisha mikono, baba, Jumanne saa nne mpaka saa sita nina mtihani, naomba nisiitwe, akacheka mpaka maji yakamwagika, "Chuo gani hicho hakina geti, hakina kengele, hakina hata mwalimu wa kukuchapa? Unasoma na ukuta?" na Pamela, mke wa shemeji yangu, akadakia, "Baba, ukuta ukimpa digrii atatupikia tena kweli?" wakacheka wote, nami nikacheka, ndiyo, nikacheka, halafu nikaenda kwa zizi nikapiga teke ndoo mpaka ikapasuka.

Andika, Phelesia, andika, mhudumu wa mifugo ana wajibu wa kufika kwa wakati anapoitwa, koma, kumweleza mfugaji ukweli kuhusu hali ya mnyama... ukweli, hapo sasa, Aprili niliwaambia ukweli ukanisaidia nini, Linet wangu wa miaka mitano alisukuma mlango akasema, "Mama, kuku ameingia kwa unga," maneno matano, chekundu, mtihani umesitishwa, kisha barua, tunaomba ueleze mtu aliyesikika ni nani na alikuwa akikupa msaada gani, msaada gani! mtoto asiyejua kufunga kiatu anipe jibu la ndigana kali ya ng'ombe! na mimi, mimi huyu ambaye siogopi dume la Kikuria lenye pembe pana kama mlango, nikakaa nikaandika barua ya kuomba radhi, kwa unyenyekevu mkubwa, kwa usumbufu nilioleta, haitarudiwa, nilipoituma nikaona aibu kama niliyeiba, wakati Frankline, wa grupu letu la masomo, anafanya mitihani yake kwa chumba cha saiba, duka la intaneti, huko mjini Migori, na mtu amelala chini ya meza anamwandikia kwa kibodi ya pili, kimya kabisa, kijani mwanzo hadi mwisho, akafaulu kwa alama za juu, akanipigia, "Mama Linet, wacha kujitesa, kuna kijana Isebania anafanya hii kitu, hata sauti yako anaigiza," nikamwambia nimetibu ng'ombe miaka kumi na tano bila kumdanganya mtu, kama dawa imeisha nguvu nasema imeisha, kama ng'ombe anakufa nasema anakufa, sasa nianze kudanganya ili nipewe karatasi ya kusema mimi ni mwaminifu? nikamkatia... "Nyar Kegonga! Wewe! Hata salamu?"

Hata salamu, hiyo imenichoma, kwetu Kegonga pia mwanamke hamnyamazii mkwe wake, mama angenisikia nimenyamaza hivi angejifunika kanga usoni, lakini Desemba iko pale, yule afisa wa kukagua dawa za mifugo alisimama dukani kwangu akahesabu chupa kwa kidole, akasema, kwa heshima, siwezi kusema alikosa heshima, mama, ukifika Desemba bila diploma uondoe hizi dawa zote, uuze jembe na mbegu, na mimi jembe sikulisomea, mimi ng'ombe ndio nimesomea, kwa kundi la baba yangu Motari, kwa zile karatasi za dawa zinazokunjwa mara nane ndani ya boksi nikizisoma na taa ya kibatari, kwa kile kitabu kisicho na jalada nilichonunua Isebania kikiwa kinafungia njugu, nikamwambia mwenye njugu fungia na gazeti, hicho nipe, na wafugaji wakija hapa wananiita daktari wakiwa na shida na yule mama wa duka wakishapona, basi hii karatasi naitaka, naitaka kwa hasira, nimebakisha mtihani huu mmoja, kwa hiyo nisamehe baba, nyamaza au piga kelele, mimi niko...

"Baba! Imelala! Silwal imelala chini!" huyo ni Pamela, anakimbia, nasikia ndala zake, na sauti yake haina kicheko... kisha sauti ya baba Dishon tena, lakini imeshuka, karibu na dirisha sasa, "Mama Linet," miaka kumi na moja katika boma hili hajawahi kuniita Mama Linet, "Mama Linet, Silwal tumbo imefura. Upande ya kushoto. Ukigonga inalia kama ngoma. Imekula majani ya viazi, yale ya asubuhi, na umande," ... majani ya viazi yenye umande, nani amempa, Mungu wangu, nani amempa na nilisema yaanikwe kwanza, Silwal, yule mwekundu, wa marehemu mama mkwe, mimba ya miezi saba, ng'ombe pekee ambaye mzee huyu humsalimia kabla ya watu, na sasa amelala, akilala hivyo ana nusu saa, labda pungufu, na kumpata daktari Homa Bay na kumleta hapa na pikipiki ni zaidi ya saa nzima... dakika thelathini na moja, kijani. Mwaka jana fahali wake alifura vivyo hivyo, nikaja mbio na begi, akaweka fimbo yake mbele yangu, "Nimesimamia josho la serikali miaka ishirini na sita, mwanamke hatashika fahali yangu," nikarudi, na kabla ya saa saba fahali amekufa, na sasa niseme ukweli, kwa vile hapa ndani hakuna anayesikia ila mimi, kuna kitu ndani yangu kimesema acha na huyu afe, kimesema kwa sauti tamu, una sababu, Phelesia, una kamera, nani atakulaumu, utatoka saa sita na diploma yako mkononi useme pole baba, sheria za chuo...

Sheria za chuo. Angalia mistari yangu mwenyewe hapo kwenye kioo, mhudumu ana wajibu wa kufika kwa wakati anapoitwa, nimeiandika kwa vidole hivi, alama kumi, na nikinyamaza nitapewa zote kumi, na huo utakuwa udanganyifu mkubwa kuliko wa Frankline na mtu wake chini ya meza... nimetabasamu vibaya, kiduara kimekuwa manjano, kimerudi kijani, kumbe hata uso wangu wanaupima, hii mashine inataka mwanafunzi asiye na mtoto, asiye na mkwe, asiye na ng'ombe, mtu aliyeanguka kutoka juu akakaa kwenye kiti, na mtu kama huyo atamtibu nani? "Mama Linet, kama nilikukosea," anasema baba Dishon, nasikia fimbo yake ikikwaruza ukuta, "kama nilikukosea tutaongea baadaye. Ng'ombe hii haiwezi ngoja tuongee," la, baba, usiniombe, sitaki uniombe, sikumtibu ng'ombe hata mmoja kwa sababu ya kuombwa. Sitatoka. Sikia mpango, Phelesia, hutatoka kitini, hutageuka, watatafuta kwenye picha yao waone kama shingo imesogea hata kidogo, lakini mdomo ni wako, mwambie amwinue, kichwa kielekee mlimani, kijiti kinywani kama lijamu atafune, mafuta ya kupikia nusu lita, polepole, asimpalie, na Pamela akande ubavu, na wakiona haishuki, begi liko chini ya meza ya sebule, Pamela aingie alichukue, chuma chenye ncha, baba atoboe ubavu wa kushoto, upana wa kiganja kutoka mfupa wa nyonga, mkono usitetemeke, mzee wa josho ana mkono imara, hilo namkubalia. Na mtihani wataufuta. Wataufuta huu nao kama ule wa Aprili, najua, wataniandikia tueleze mtu huyo alikuwa nani, nami nitawaeleza, lakini barua ya radhi haitaandikwa tena katika nyumba hii, nitaandika ni baba mkwe wangu na ng'ombe wake, mimi ndiye niliyekuwa nikitoa msaada, mtafute kwenye sheria zenu hiyo inaitwaje, na kama Desemba itanikuta bila karatasi basi afisa atanikuta dukani nimesimama, tutaongea tukitazamana... dakika ishirini na tisa, kijani, fimbo bado inakwaruza ukuta, kiti kiko palepale na mimi niko juu yake, vidole juu ya kibodi, na ninatazama kile kijicho katikati kabisa, sijawahi kukitazama hivi, navuta pumzi, ya kutosha kufika zizini, swali la tatu, alama kumi, sikilizeni wote wawili, wewe kijicho na wewe baba, "Baba, niko hapa..."