Ngoma Iliyovuka Ukuta

Mtaani kwao, nyuma ya soko la Kilwa Masoko, ukitaka kujua kama Mwanasha amelipwa mshahara ulikuwa huna haja ya kumtazama miguuni kama kavaa viatu vipya. Ulitazama paani kwake. Mwezi huu antena imeota matawi mawili zaidi. Mwezi ujao nguzo ya mkoko inayoibeba imeunganishwa kipande kingine, imekuwa ndefu kiasi kwamba kunguru wanaiheshimu. Wenzake walinunua vitenge, yeye alinunua waya.

Alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya wilaya, mwanamke wa miaka ishirini na minane, aliyepewa talaka moja na kuzidai mbili zilizobaki kwa mdomo wake mwenyewe. Miaka ile ilikuwa ya ruksa. Vitu ambavyo zamani watu walivisikia kwa mabaharia tu sasa vilishushwa kwenye malori mchana kweupe, na Mwanasha hakuacha lori lipite bila kuchungulia. Sebuleni kwake palikuwa na runinga, deki ya video, redio kaseti ya milango miwili, na feni iliyokwisha kuvuliwa kifuniko kwa sababu kifuniko kilikuwa kimehamia kwenye antena. Bisibisi alitembea nayo mkobani, pamoja na wanja.

Starehe yake kubwa ilikuwa kuwinda picha. Jioni za joto, bahari ikitulia kama mafuta kwenye sahani, picha za runinga ya Unguja zilisafiri mpaka Kilwa, na Mwanasha alizinasa. Alizungusha nguzo kwa mkono mmoja, akachungulia dirishani, akazungusha tena. Siku picha ilipokuja safi, mtaa mzima ulijua, maana alipiga kigelegele peke yake.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Abdurahmani, muuza saruji na misumari, hakuweza kuvumilia. Akaenda Dar es Salaam akarudi na runinga kubwa kama kabati. Akaiwasha. Ikamwonyesha chenga tu, vidoto vyeupe na vyeusi, picha hakuna. Akaja kwa Mwanasha akikuna kidevu.

"Jirani, hebu niambie. Runinga yangu si kubwa?"

"Ni kubwa, kaka. Tatizo lake ni kipofu tu."

Akamsaidia, maana ujirani ni mali. Kwa kuwa deki iliisafisha picha kabla ya kuipitisha, waya wa antena ulikuwa ukiingia kwanza kwenye deki. Nyuma ya deki, Mwanasha akagawa njia mbili: waya mmoja kwenye runinga yake, wa pili ukaruka ukuta mpaka kwa Abdurahmani. Picha zikamfikia jirani. Tangu siku hiyo Abdurahmani akawaambia watu dukani kwamba mambo ya runinga ni kujua tu.

Ikaja harusi ya Zakia, msichana wa mtaani. Bi Arafa, kungwi mkuu wa pale mjini, mwanamke ambaye hata wazee wa baraza walimpisha njia, alimfuata Mwanasha nyumbani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nasikia umeazimwa kidude cha kushika picha zinazotembea."

"Kamera ya video, bibi. Rafiki yangu Tekla ana studio Lindi, kaniachia mpaka mwisho wa mwezi."

"Kinaweza kushika ngoma yangu?"

"Kinashika hata kope ikipepesa."

"Na kunyamaza, kinaweza?" Bi Arafa alikaa bila kukaribishwa. "Nisikilize. Vijana wangu wa kike wanakosea miguu. Nikiwaambia, wanasema bibi kazeeka, haoni vizuri. Nataka wajione wenyewe, wakose la kusema. Lakini ngoma ya wanawake ni ya wanawake. Siku jicho la mwanamume litakapotua kwenye hiyo kanda, kanda itaingia motoni, na wewe hutakanyaga tena ngomani kwangu. Wala hutaalikwa, wala hutaagwa."

Mwanasha alielewa uzito wake. Pale mjini, mwanamke aliyefungiwa ngoma hana harusi, hana kumi, hana arobaini. Watu humsalimia barabarani na kumsahau mlangoni.

"Wallahi, bibi," alisema, mgongo umenyooka. "Hakuna mwanamume atakayeona hata kivuli cha kidole."

Akaenda, akapiga picha. Yaliyochezwa siku ile ni ya ngomani na yatabaki ngomani. Itoshe kusema kwamba Bi Arafa, pamoja na magoti yake, aliingia uwanjani akawaonyesha wasichana kwamba kiuno hakina cheti cha kuzaliwa.

Ijumaa iliyofuata, baada ya alasiri, wanawake walijaa sebuleni kwa Mwanasha mpaka wengine wakakalia ndoo zilizofudikizwa. Mwanasha alifanya ulinzi wa kiaskari. Alifunga madirisha, akashusha mapazia, akabandika khanga juu ya mapazia. Tundu la ufunguo alilizibia pamba. Alimtoa hata jogoo aliyekuwa uvunguni mwa meza, wanawake wakacheka.

"Huyo naye mwanamume!"

"Tena ndiye mbaya zaidi, huyo hutangaza alfajiri!"

Akasukuma kanda dekini. Picha ikaja, ngoma ikalia, chumba kikalipuka.

"Ee! Kumbe mgongo wangu ndio huo?"

"Ndio huo, shoga. Sisi tunauona kila siku na tumevumilia."

Bi Arafa, fimbo mkononi, alikuwa amekaa mbele kabisa. "Simamisha hapo! Debora, tazama mguu wako. Huo ni mguu wa ngoma au wa kuruka dimbwi?"

Mwanasha, rimoti kiganjani, alijisikia waziri. Akasimamisha, akarudisha, akaendeleza. Hapo ndipo alipoisikia. Ngoma ililia sebuleni, kisha kwa mbali kidogo ikalia tena nje, ngoma ileile, wimbo uleule, kama mtu anayeitikia.

"Mbona inaitika?" aliuliza Debora.

Mwanasha akabonyeza. Picha ikasimama, sauti ikakatika. Na ng'ambo ya ukuta sauti nayo ikakatika. Kimya kikatanda, na katikati ya kimya hicho, kutoka nyumbani kwa Abdurahmani, ikasikika sauti nene ya mwanamume ikilalamika kutoka moyoni:

"Aa! Wamekata tena!"

Mwanasha aligeuka kuutazama waya nyuma ya deki. Aliona yote kwa mara moja. Kanda zake alizoea kuziangalia saa za duka, Abdurahmani akiwa kwenye saruji yake na runinga imefunikwa kitambaa. Leo Ijumaa duka limefungwa, na yeye, bingwa wa nyaya, kaziba tundu la ufunguo kwa pamba na kuacha waya mzima unakwenda kwa jirani ukiwa wazi. Kila ilichotoa deki, Abdurahmani alikipata.

Wanawake walikuwa wamekwisha kufahamu. Ishirini walimgeukia yeye, kisha wote wakamgeukia Bi Arafa, maana Abdurahmani alikuwa mkwe wake, mume wa binti yake wa pili. Mwanamume anayeinamisha uso akikutana naye njiani alikuwa amemtazama akicheza, tena kwenye runinga kubwa kama kabati.

"Ng'oa huo waya," Bi Arafa alisema kwa sauti ndogo.

"Nitaung'oa, bibi. Lakini kwanza niupitishie neno moja."

Hakungoja ruhusa. Akachomeka kamera kwenye deki, akaisimamisha juu ya ndoo, akakaa mbele yake na kujifunga ushungi vizuri. Kwenye runinga uso wake ukatokea, mkubwa, mtulivu. Na alijua kwamba ng'ambo ya ukuta ulikuwa umetokea mkubwa zaidi.

"Abdurahmani," alisema. "Hujambo, jirani?"

Ng'ambo kitu kilianguka.

"Usinyanyuke, kaka, bado nazungumza. Na wewe Majid, najua upo. Nyumba hiyo ikipikwa pilau hukosekani. Mwalimu Faustino, mazoea yako nayajua, shusha miguu kwenye meza ya watu."

Kikombe kilivunjika. Sauti ya Faustino ikasikika, nyembamba kuliko ile ya darasani: "Anatuona! Bwana we, kitu hiki kinaona huku!"

"Zima! Zima!"

"Rimoti iko wapi?"

"Umeikalia!"

Wanawake walikuwa wakiuma khanga ili wasicheke. Ndipo Bi Arafa alipoinuka kwa fimbo yake, akamsogeza Mwanasha kwa nyonga, akainama mpaka uso wake ukajaa kioo chote.

"Mkwe," alisema.

Hilo tu. Mlango wa nyuma wa Abdurahmani uligonga ukuta, na ndara zikasikika zikikimbilia upande wa pwani, jozi moja, ya pili, ya tatu.

Kicheko kilichofuata kilikuwa kifupi. Bi Arafa alibonyeza deki huku na huku mpaka ikatema kanda, akaishika kama mtu anavyoshika panya kwa mkia.

"Uliniapia."

"Nilikuapia, bibi."

"Na walioona ni nani basi, mashetani? Debora, washa jiko."

Debora hakusogea. Mwanasha alisimama. Kama angelia, pengine wangemwonea huruma, lakini hakuwa mtu wa kulilia huruma.

"Kosa ni langu, bibi, na silikwepi. Nilifunga kila mlango nikasahau mlango nilioujenga mwenyewe. Mimi nifungie ngoma ukitaka. Lakini kanda haina kosa. Ukiichoma, walichokiona wale hakichomeki, na hawa wasichana watarudi kuruka madimbwi. Niache niukate waya, halafu tuiweke tena."

"Nijuaje kwamba haivuki? Kwa maneno yako?"

"Maneno yangu leo hayanunui hata kiberiti," alikiri Mwanasha. "Basi usiyasikilize. Nenda ukae mbele ya runinga ya Abdurahmani kwa macho yako, mimi nicheze kanda huku. Ukiona hata ukucha, njoo na mkaa wa moto."

Minong'ono ikazagaa. Mama mkwe akae sebuleni kwa mkwe wake? Juu ya kiti chake?

"Haijapata kuonekana," alisema mwanamke mmoja.

"Na mkwe kumtazama mama mkwe akicheza, hiyo ilipata kuonekana?" Bi Arafa alimkata. Akakunja khanga yake. "Kitandikeni hicho kiti. Joto la mtu yule lisinifikie."

Mwanasha alitoa bisibisi, akaufungua waya nyuma ya deki, akauvuta wote kutoka ukutani na kuukunja begani kama mvuvi anayerudi na nyavu. Hakuacha hata kipande. Wanawake wawili wakamsindikiza Bi Arafa, wakamwashia runinga, wakarudi. Kanda ikaanza upya, ngoma ikalia, na safari hii hakuna aliyecheka wala kumsema shoga yake. Wote walisikiliza ukuta.

Ngoma haikuitika.

Muda ukapita. Kisha sauti ya Bi Arafa ikavuka, kali, kama yuko uwanjani:

"Naona chenga! Mnacheza au mmelala?"

"Tunacheza, bibi!"

"Basi endeleeni mpaka mwisho!"

Alikaa huko mpaka kanda ikaisha, akizitazama chenga bila kugeuza shingo, kama ilivyosimuliwa na mke wa Abdurahmani aliyemchungulia kutoka jikoni. Aliporudi, jua lilikuwa limelegea. Mwanasha alimngoja mlangoni, kanda mkononi, tayari kwa lolote.

"Safi," Bi Arafa alisema. "Hakuna kilichovuka. Kanda hii nitailaza mimi, kwenye sanduku langu. Ukiihitaji, unakuja kupiga hodi."

"Na mimi, bibi?"

Kungwi alimpima kwa macho kutoka ushungi mpaka nyayo.

"Mtu aliyekosa akatafuta pa kujificha, huyo simtaki ngomani. Wewe umekosa ukakaa mbele ya kidude ukasema. Kesho kutwa kuna kumtoa mwali Kivinje. Tutaondoka asubuhi, usinicheleweshe."

Debora alipiga kigelegele kabla ya wengine. Bi Arafa akamnyamazisha kwa fimbo.

"Hatujamaliza. Wale watatu wameona ngoma, na anayeona ngoma amechezwa unyago. Aliyechezwa ana kungwi, na mwali wa ngoma yangu huchota maji mpaka pipa langu lijae. Nani atawaletea ndoo?"

Wanawake waliwaleta kutoka pwani kabla ya magharibi. Mtaa mzima ulitoka nje kumwona Abdurahmani, muuza saruji, akipita na ndoo kichwani, Majid nyuma yake, na Mwalimu Faustino wa tatu akijaribu kutembea kama mtu anayekwenda zake tu. Walipofika mbele ya Bi Arafa walipiga magoti mmoja mmoja, Abdurahmani akiwa ameinamisha uso mpaka maji yakammwagikia shingoni.

"Shikamoo, kungwi," walisema.

"Marahaba, wanangu," alijibu Bi Arafa. "Pipa bado halijajaa."