Dakika Nne za Kristian

Kristian alikuwa fundi redio hapa Lushoto kwa miaka thelathini na moja, na ubishi wake ulikuwa wa kifundi: hakubali kitu mpaka umwoneshe waya uliokatika. Daktari alipomwambia kwamba Jumatatu mguu wa kushoto utakatwa chini ya goti kwa sababu ya sukari, yeye aliuliza kama Jumamosi anaweza kurusha ndege yake.

Ndege yenyewe ni ndogo, ya mbao nyepesi, na haina rimoti. Inashikwa kwa nyaya mbili nyembamba zinazoishia kwenye mshikio, na mrushaji husimama katikati, ndege ikimzunguka naye akigeuka nayo. Mota ikishawaka hakuna wa kuizima ila kifaa kidogo cha kupimia muda kilichomo tumboni mwa ndege. Kifaa hicho Kristian alikichomelea mwenyewe mwezi uliopita, na mkewe Rahabu alimwona akiunguza kidole bila kushtuka, maana vidole navyo vilikwishaanza ganzi.

Macho pia yalikuwa na ukungu, hivyo kupanga muda ikawa kazi ya Rahabu. Unashikilia kitufe, taa nyekundu inawaka na kuzima, kila ikiwaka ni dakika moja. Ukitosheka unaachia.

"Weka nne, mama Yunis," alimwambia uwanjani Kwai, akiegemea gongo. "Tanga tulikuwa tunaweka tano, lakini huku juu hewa nyepesi, propela inahangaika, betri inaisha mapema. Nne."

Rahabu akapiga magoti kwenye nyasi. Dakika nne ni mizunguko karibu hamsini juu ya mguu ule, na bandeji ilikwisha kulowa kwa kutembea tu kutoka barabarani. Taa ikawaka mara moja tu. Akaachia kitufe.

Usimhukumu haraka. Ungekuwa wewe unayeosha kidonda kile kila asubuhi, nawe ungeachia.

Ndege ikapaa. Kristian akatupa gongo, akageuka nayo, akacheka kicheko ambacho Rahabu hakuwa amekisikia tangu Pasaka. Alikuwa bado anacheka mota ilipokata, na ndege ikashuka taratibu mpaka majanini.

"Imekata ghafla," alisema. "Betri haikati hivyo. Betri ikichoka inalegea kwanza." Akafikiri. "Uliweka ngapi?"

Rahabu angeweza kusema. Lakini tangu Kristian aanze kuumwa, daktari anamwamulia, mchungaji anamwamulia, watoto wanamwamulia kwa simu kutoka Tanga. Aliona aibu kuwa mmoja wao.

"Nne," alisema.

Kristian alivitazama vidole vyake.

"Basi ni mikono," alisema. "Nilikuwa najipa moyo, mama Yunis. Nilisema mguu wauchukue, fundi anafanya kazi amekaa. Kumbe hata kuchomelea kijidude kama hiki siwezi tena."

"Labda ni unyevu tu, baba Yunis."

"Usinibembeleze."

Jumapili baada ya ibada alimwita Dula, fundi simu wa duka la jirani, akampa mita ya kupimia umeme, pasi ya kuchomelea na makopo yote ya skrubu. Dula alikataa mara tatu kwa heshima, mwishowe akapokea. Rahabu alisimama mlangoni. Mara mbili alifungua kinywa, na mara zote mbili akawauliza kama wataongezewa chai. Kadiri vyombo vilivyotoka ndivyo ukweli ulivyozidi kuwa mzito kusemeka, na alijichukia kwa hilo.

Jumatatu hospitalini nesi alileta fomu ya kukubali upasuaji, akamwekea Kristian kalamu mkononi. Kristian alikuwa na mwandiko mzuri, mtaa mzima ulikuwa ukimwendea awaandikie barua. Akaisogeza kalamu kwa mkewe.

"Andika wewe," alisema. "Mimi mikono imekufa."

Nesi alikuwa na wagonjwa wengine wanaomngoja. Rahabu akachukua kalamu, akaandika jina la mumewe.