Salamu Hutumiwa Aliye Mbali

Jumamosi mchana, kipindi cha salamu kilipoanza redioni, Cephas alikuwa amepiga magoti kando ya pikipiki ya Okari akifungua gurudumu la nyuma. Mtangazaji alisema wimbo uliofuata uliombwa na Mellen wa Kehancha, umwendee fundi Cephas wa Rangwe. Gitaa lilipoanza kulia, Cephas aliinuka kutoka ardhini, magoti yamekunjwa vilevile, spana mkononi, akapaa mpaka kichwa kikagusa mabati ya kibanda.

Okari alisogeza kopo chini yake ili nati zisipotee.

"Fundi, huyu wa Kehancha siku moja atakutoboa paa."

"Ni mteja tu," Cephas akasema kutoka juu.

Hapo kando, mkewe Risper aligeuza mandazi kwenye mafuta. Rangwe nzima ilijua kwamba anayetumiwa wimbo hupaa hadi wimbo uishe, na kwamba kimo chake ni kipimo cha moyo wa aliyeutuma. Mwalimu mkuu alipostaafu, wanafunzi wake walimpandisha hadi juu ya mlingoti wa bendera. Risper hakuwa amepaa tangu aolewe. Alipoyatazama mabati yale aliwaza kwamba, yasingekuwapo, mumewe angeonekana mpaka Homa Bay.

Jioni alimwambia, "Baba Wesley, nitumie na mimi wimbo."

"Yawa, Mama Wesley! Wewe si uko hapa? Salamu hutumiwa mtu aliye mbali."

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo ilivyokuwa kwao. Mwanamume aliyemsalimia redioni mke anayelala naye kitanda kimoja alichekwa sokoni wiki nzima.

Wivu ulimkaa Risper kooni kama mwiba wa samaki ngege. Kwa hiyo akaenda mbali.

"Jumamosi nitakuwa Migori kwa Lynnet," alimwambia mumewe. "Huko ni mbali."

"Nimesikia," Cephas akasema.

Lynnet, mdogo wake, aliuza mitumba sokoni Migori. Risper alikaa kwenye rundo la makoti, redio mapajani. Ndani ya rinda alikuwa amevaa suruali, asije akaaibika akiwa juu.

"Fundi Cephas wa Rangwe," mtangazaji akasoma.

Risper akasimama, akashika rinda.

"Anaomba wimbo umwendee Mellen wa Kehancha. Na wengine wote wanaomfahamu fundi, popote walipo, wajibambe, waburudike nao."

Gitaa likalia, na Risper akapaa. Alipaa kiasi cha unene wa kidole. Lynnet naye akapaa, kwa kuwa alikuwa shemeji. Akapaa pia mwenye duka la vipuri ng'ambo ya barabara, aliyewahi kumuuzia Cephas mnyororo. Wote walikuwa kimo kimoja.

"Dada, si umepaa!" Lynnet akasema, huku akiendelea kukunja mashati.

"Nimepaa."

Upande wa Kehancha, juu kabisa ya mapaa na miti, mwanamke mwenye rinda jekundu alikuwa akiingia mawinguni taratibu. Hakukuwa na mabati ya kumzuia.

Risper aliomba wimbo uishe upesi, mwanamke yule ashuke. Kisha akaomba usiishe, kwa sababu nyayo zake mwenyewe zilikuwa bado hazijagusa chini.