Hapana ya Kwanza

Siku ya mwanzo Khole alirudi kutoka kwa Wadachi na njaa, na shangazi yake hakuelewa kabisa.

"Nyumba ya watu, jokofu limejaa, nawe unarudi kwangu tumbo tupu?" Bi Kheiria alisema huku akimpakulia wali. "Kwani hawakukukaribisha?"

"Walinikaribisha, Shangazi."

"Ukasema nini?"

"Nikasema nimeshiba."

"Enhe. Halafu?"

"Halafu wakala."

Bi Kheiria aliuacha upawa ndani ya sufuria. "Wakala tu? Hawakusema walau onja? Hawakukuvuta mkono?"

"Yule mama alisema 'sawa'. Kisha akanywa maji."

"Ya Rabbi! Sawa!"

Anas, mwanawe Bi Kheiria, alikuwa amekaa mlangoni akijitoa grisi ya kucha kwa njiti ya kiberiti. Alicheka mpaka akakohoa. "Mama, hao ndo Wadachi. Ukimwambia umeshiba, anafurahi kwamba umeshiba. Mie fundi mkuu wetu kule gereji ya Ghala, Mdachi vilevile, alinikaribisha chai nikakataa, mwaka mzima hakunikaribisha tena. Mpaka leo nakunywa maji ya bomba."

Hiyo ilikuwa mwaka wa tisini na saba. Khole alikuwa ametoka Unguja miezi michache nyuma, kuja kukaa kwa nduguye baba huku Uarabuni, kitongoji cha Amerat, ng'ambo ya milima kutoka mjini. Alikuwa na umri wa miaka ishirini. Skuli aliiacha darasa la tano, mama yake alipolala kitandani na wadogo zake wakabaki hawana wa kuwapikia. Kiarabu chake kilikuwa cha sala na cha kuamkiana, na haya zake zilikuwa nyingi kuliko maneno yake. Anas alizoea kusema kwamba Khole akiita kuku, hata kuku hawaji.

Kazi aliipata kwa huyo huyo Anas. Mdachi mmoja, mhandisi wa maji, alileta gari gereji, akauliza kama kuna binti anayesema Kiswahili wa kumtazama mtoto wake wa kike, Lena, kutwa. Mkewe, Renate, alikulia Tanga kwenye shamba la mkonge, baba yake alikokuwa akitengeneza mashine, na alitaka mwanawe aisikie lugha aliyoichezea yeye utotoni. Kiswahili chake kilinyooka kama rula. Kilijua kuuliza bei, kutoa amri na kutaja kila aina ya mdudu. Lakini hakikupata kukaa kwenye mkeka wa watu kikakaribishwa chakula.

Basi kila asubuhi Anas alimshusha Khole nyuma ya kijiji cha Bustan, penye safu ya nyumba nyeupe walizokaa Wadachi watupu wa kampuni moja. Mambo ya huko Khole aliyasimulia nyumbani kama mtu aliyetoka mwezini. Watu walialikana saa kumi, na saa kumi hiyo hiyo kengele za milango zikalia zote. Kutoka saa saba mpaka saa tisa mchana palikatazwa kelele, hata mtoto asipige mpira. Usiku walikula mkate mkavu na jibini baridi, na hawakuwa wagonjwa wala maskini. Na mgeni akikaa sana, mwenye nyumba husimama akasema: "Sasa nakwenda kulala."

"Mbele ya mgeni?" Bi Kheiria aliuliza.

"Machoni pake, Shangazi. Na mgeni hakasiriki."

Kilichomshinda Khole zaidi ni ukweli wao. Renate alimwambia, "Leo umechelewa," bila kumuuliza kwanza kaamkaje. Alimwambia, "Rangi hii haikupendezi, ile ya buluu ilikupendeza." Khole alilia chooni kwa ile ya kwanza. Lakini siku aliyoambiwa, "Lena anakupenda, nami nakuamini," alijua kwamba hilo nalo ni kweli tupu, halikutiwa sukari, akatembea nalo wiki nzima.

Njaa aliitafutia dawa yake mwenyewe. Alibeba chakula chake katika kibati, akala nyuma kwenye kamba za nguo. Alasiri Renate akitoa keki, huuliza, "Khole, keki?" Khole husema, "Hapana, ahsante," na keki huondoka zake. Alijua wazi kwamba haitarudi. Lakini mdomo wake ulifundishwa adabu kabla ya kufundishwa kusoma, na ulitangulia kujibu kabla yeye hajafika.

Mwezi wa nane Renate alikihamisha kitanda cha wageni, akakipaka rangi ya manjano kile chumba kikubwa cha mbele. Akaleta viti vidogo, vifupi hata paka angekaa akafikia meza, na ubao wa kuandikia. Alitaka kufungua darasa la watoto wadogo wa zile nyumba, Lena mmoja wao.

Khole aliupangusa ule ubao siku ya kwanza ulipotundikwa, ingawa haukuwa na vumbi. Ulinuka mbao na chaki. Aliweka kiganja chake juu yake akakumbuka Mwalimu Sayyida wa darasa la tano, na hesabu aliyoiachia katikati siku waliyokuja kumwita nyumbani. Hakuwahi kujua jibu lake.

"Khole," Renate alisema nyuma yake. "Lena akianza darasa, hatahitaji tena wa kumtazama. Lakini mimi nitahitaji msaidizi humu ndani. Unataka kuwa msaidizi wangu?"

Moyo wa Khole uliruka. Na mdomo wake, mwana mwema wa watu, ukasema:

"Hapana, mama. Mimi wapi na darasa? Nisije nikakusumbua."

Renate alimtazama kidogo. Uso wake ulionyesha kusikitika.

"Sawa," alisema. "Nitatafuta mtu mwingine."

Akatoka. Khole akabaki na kitambaa mkononi.

Jioni ile hakula. Bi Kheiria alimbana mpaka akasema.

"Kakuuliza mara ngapi?"

"Mara moja."

"Basi hakutaki huyo. Mtu akikutaka hukubembeleza. Mie nimeposwa mara tatu na baba yake Anas, na mara zote nilikuwa namtaka."

"Mama, we," Anas alidakia, "Wadachi hawabembelezi. Khole, nenda kamwambie umebadili nia."

"Nitarudi vipi kwenye neno nililokwisha kulikataa? Ataniona sina haya."

"Mkataa pema, pabaya panamwita. Kesho kutwa utakuja Ghala kunishikia spana."

Bi Kheiria alimtupia mto. Kisha akafikiri kidogo. "Mwite aje ale Ijumaa," alisema. "Nataka nimtazame usoni mtu anayesema sawa."

Khole alipoufikisha mwaliko, Renate hakukataa hata kwa adabu. Alisema, "Ndiyo, nitafurahi. Saa ngapi?"

"Baada ya sala."

"Saa saba au saa saba na nusu?"

Khole hakuwahi kuulizwa swali hilo na mgeni. Akabahatisha. "Saba na nusu." Alitaka kusema jambo jingine pia, lakini Renate aliendelea: "Vizuri. Jumamosi asubuhi anakuja mwanamke anaitwa Hadeel kuona kazi ya darasani. Kwa hiyo Ijumaa nina nafasi."

Lile jina alirudi nalo nyumbani, akilisema moyoni njia nzima.

Ijumaa, saa saba na nusu kamili, gari lilisimama mlangoni. Bi Kheiria alikuwa bado na kanga ya jikoni, vitunguu mkononi, na nazi haijachujwa.

"Keshafika!" alinong'ona kwa ukali. "Nani kamwambia aje saa ile aliyoambiwa?"

Renate aliingia peke yake, mumewe alikuwa kazini mji wa Sur, na Lena kamwacha kwa jirani. Alivua viatu, akakaa chini kwa shida, magoti yakilia. Alileta maua, na keki aliyoioka mwenyewe. Aliyasubiri mapishi kwa utulivu, akiwauliza Bi Kheiria na Anas maswali ambayo watu huulizana baada ya miaka: mumeo alifariki kwa maradhi gani, na wewe Anas, kwa nini hujaoa?

"Sijapata wa kunivumilia," alisema Anas.

"Unanuka petroli," alisema Renate kwa upole. "Labda ni hiyo."

Bi Kheiria alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo akampenda.

Chakula kikaja: wali wa nazi, mchuzi wa papa, kachumbari. Renate alikula vizuri, akasifu, akamaliza sahani mpaka ikang'aa, kwa sababu kwao sahani haiachwi na punje. Bi Kheiria akaona sahani tupu. Akaijaza.

"Hapana, ahsante," alisema Renate.

"Ongeza mwanangu, hujala kitu."

Renate akala, kwa utii. Akamaliza. Sahani ikajazwa.

"Hapana, kweli."

"Kidogo tu, wallahi. Au mapishi yangu mabaya?"

Renate aliiva uso. Alikula kwa vijiko vidogo, kama mtu anayepanda mlima, na kila alipofika kileleni mlima ukaongezwa. Mwisho akamgeukia Khole, jasho likimtoka kwenye mdomo wa juu.

"Khole, nimesema hapana. Nimesema wazi. Shangazi yako hanisikii?"

"Anasikia, mama."

"Sasa kwa nini ananipa?"

Khole alitazama mkeka. "Kwetu hapana ya kwanza ni adabu tu," alisema. "Mwenye nyumba hukubembeleza. Ya pili pia ni adabu. Na sahani ukiimaliza unamwambia una njaa bado. Ubakishe kidogo, ndo ataacha."

"Nibakishe?" Renate alishangaa. "Kwetu ukibakisha unamwambia mpishi chakula kibaya!"

"Basi si useme, mwanangu!" Bi Kheiria alishika kichwa. "Mie nkadhani huko kwenu mna njaa ya mwaka! Nshakumalizia sufuria nzima!"

Wote wakacheka, Anas akipiga paja. Renate naye alicheka, kisha kicheko chake kikapungua, kikasimama.

"Khole. Siku ile ya kwanza, uliposema umeshiba?"

"Nilikuwa na njaa."

"Na keki?"

"Nilizitaka. Zote."

"Mungu wangu," alisema Renate, akaziba mdomo. "Miezi yote hii."

Anas alinyoosha mkono kuchukua ndizi. Khole aliona kwamba mlango umefunguka kidogo na utajifunga sasa hivi, watahamia kwenye keki na kahawa, na kesho Hadeel atakalia kile kiti karibu na ubao. Hakuna mtu atakayemsemea. Anas hakumtazama, na shangazi yake alikwisha anza kukusanya sahani.

"Na darasa," alisema.

Sauti ilikuwa ndogo. Renate aliinama. "Darasa nini?"

"Hapana yangu ya darasani. Nayo ilikuwa ya kwanza."

Renate aliweka kijiko chini. Bi Kheiria alibaki na sahani hewani.

"Basi nauliza tena," alisema Renate. "Unataka kuwa msaidizi wangu?"

Shangazi yake alimkazia jicho, lile jicho linalomaanisha: ya pili sasa, mwanangu, usimrukie mtu kama mwenye njaa. Khole akaisikia ile hapana inapanda kooni yenyewe, kama kwikwi. Akaimeza.

"Nataka," alisema. Kisha, kwa kuwa dunia haikuanguka, akasema tena kwa nguvu zaidi. "Nataka sana. Skuli niliachia darasa la tano, sikuacha kwa kupenda. Nataka kuwa mle ndani."

Bi Kheiria alijiziba uso kwa ncha ya kanga. "Allah! Mtoto huyu!"

"Leo hata kuku wamesikia," alisema Anas.

Renate hakutabasamu bado. "Hadeel anakuja kesho," alisema. "Sikumpa kazi, lakini nilimwambia aje. Naomba simu yenu."

"Mwambie mtoto mgonjwa," alishauri Bi Kheiria, akimsogezea simu.

"Lakini mtoto si mgonjwa."

"Mwambie tu, asione vibaya!"

Renate alipiga. Alimwambia Hadeel, kwa Kiingereza alichokielewa Anas akawatafsiria, kwamba binti anayemtaka amekubali, kwamba anamwomba radhi, na kwamba ni bora asipoteze petroli yake. Bi Kheiria alisikiliza ameshika mashavu kama anayetazama mtu akitembea juu ya kamba. Simu ikawekwa.

"Kasema nini?"

"Ameshukuru kuambiwa mapema."

"Ameshukuru!" alisema Bi Kheiria. Alilifikiria jambo hilo. "Basi na yeye ana wazimu."

"Kesho Jumamosi, wiki ya kazi inapoanza, saa moja na nusu," Renate alimwambia Khole. "Tutajaribu mpaka mwisho wa muhula, kisha tutazungumza. Sauti yako ni ndogo mno. Itabidi uikuze."

Maneno hayo siku za nyuma yangempeleka chooni kulia. Khole aliitikia kwa kichwa. "Nitaikuza."

Jumamosi alivaa ile nguo ya buluu. Watoto waliingia, wenye nywele kama mahindi machanga, wakajichagulia viti. Khole akaenda kusimama ukutani, mikono mbele, kama alivyosimama Mwalimu Sayyida, ila bila bakora.

"Kaa," alisema Renate, akimwonyesha kiti kidogo kati ya watoto.

"Nitasimama tu, mama, haidhuru."

Renate alifungua mdomo. Ile "sawa" ilikwisha fika kwenye meno. Akaishika.

"Kaa, Khole."

"Usijisumbue, hapa hapa panatosha."

"Khole! Shangazi yako nimwite?"

Khole akacheka, akakaa. Kiti kilikuwa kifupi, magoti yakamfika kifuani. Mvulana wa mwisho kabisa, karibu na dirisha, akauliza kitu kwa Kidachi, na Lena akageuka kumfasiria.

"Anauliza jina lako."

"Khole."

Mvulana akaweka mkono sikioni.

"Hajasikia," alisema Lena.

Khole alivuta pumzi, ile harufu ya chaki ikamjaa kifua. "Khole!" alisema, na chumba kizima cha manjano kikamjibu kwa jina lake.