Chuma Tele, Nguvu Hamna

Msusi alianza kulala kazini. Si kusinzia kidogo, la. Alikuwa akimsuka mteja, vidole vimo nyweleni, kichwa chake kikainama taratibu mpaka kikatua begani kwa mteja mwenyewe.

"Dada, mimi nimekuja kusukwa, sikuja kubembeleza mtoto," mteja akasema, na saluni nzima ikaangua kicheko.

Msusi hakucheka. Miezi hiyo alikuwa akitetemeka kwa baridi wenzake wakijipepea, na kila akijichana, chanuo lilitoka na fundo la nywele. Msusi mwenye upara, nani atamkabidhi kichwa chake?

Nyumbani aliishi na wifi yake, dada wa mumewe, mjuzi wa maradhi ya watu wote. Wifi alimvuta kope la chini, akachungulia kama anayetafuta sindano iliyoanguka, kisha akatoa hukumu: "Umeishiwa damu."

Basi ikawa maini asubuhi, mchicha mchana, juisi ya bitiruti jioni, na kila mlo ukisindikizwa na kijiko cha dawa ya kuongeza damu, nyeusi tititi, yenye ladha ya msumari. Msusi akatafuna kwa upande mmoja tu, maana upande wa pili kulikuwa na jino ambalo hakutaka lijadiliwe. Uchovu haukupungua hata chembe. Sasa alikuwa amechoka na meno yamekuwa meusi.

Mwishowe akaenda hospitali kupima damu. Wifi naye akaandamana, hakualikwa.

Daktari, mwanamke mpole asiyependa haraka, akayasoma majibu mara mbili. "Damu yako haijapungua. Tena feritini iko juu."

"Feritini ndiye nani?" wifi akadakia.

"Ni kama ghala la chuma mwilini."

Wifi akapiga makofi. "Nimelijaza kwa mkono wangu!"

"Pole pole, mama. Ghala hili lina vituko. Mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi mahali, feritini hupanda hata kama chuma hakijazidi. Na kipimo cha uvimbe nacho kimepanda. Kuna moto unafuka humu ndani. Hiyo dawa iache kwanza." Akamgeukia msusi. "Unaumwa wapi?"

"Siumwi," msusi akajibu, upesi mno.

"Hebu fungua mdomo."

Akafungua kiasi cha kupitisha sarafu. Daktari akabonyeza shavu kwa nje, kidogo tu. Yowe lililotoka liliwanyamazisha waliokuwa wakigombea foleni nje.

"Hili jino limeanza lini?"

"Tumeshazoeana, daktari."

"Basi mtaachana. Lakini kuna jambo la pili. Tezi yako ya shingo imezubaa. Hiki kipimo chake kikiwa juu, maana yake ubongo unaipigia tezi kelele iamke, nayo haiamki. Huenda ndiyo baridi yako, usingizi, na nywele. Ila ugonjwa mwingine unaweza kukivuruga kipimo, kwa hiyo tuzime moto huo kwanza, halafu turudie."

Siku ya kung'oa jino, wifi aliingia kumshika mkono mgonjwa. Alipoliona koleo tu, macho yakamgeuka, akateleza ukutani mpaka sakafuni kama kanga iliyodondoka kambani. Muuguzi akamwacha mgonjwa, akamkimbilia msindikizaji. Msusi, nusu ya mdomo umekufa ganzi, akainama kitini na kumpepea wifi yake kwa mkono mmoja.

"Limetoka?" wifi akauliza alipozinduka.

"Bado hata halijaguswa."

Likatoka. Wiki kadhaa baadaye vipimo vikarudiwa: uvimbe umetulia, feritini imeshuka mahali pake. Tezi, kama mtu aliyetumwa dukani akapitiwa na usingizi njiani, bado ilikuwa imezubaa. Daktari akamwandikia kidonge kidogo cha kila asubuhi, tumbo likiwa tupu, chai isubiri.

Hapo ndipo wifi alipomshangaza. Alfajiri ya kwanza msusi alimkuta mezani, birika limefunikwa, vikombe viwili vimeinamishwa.

"Wewe kunywa tu chako," msusi akamwambia. "Tezi ni yangu."

"Ninywe peke yangu, wewe ukinitazama? Hiyo chai itapita wapi?" Wifi akakunja mikono, akakodolea macho birika. "Meza kidonge hicho, tungoje."

Wakangoja, mmoja akipiga miayo, mwingine akimwambia aache, anaambukiza.