Sindano za Kawangware

Shivachi alikuwa fundi wa kuchomelea mageti mtaani Kambi Muru, mtu mpole, mpaka alipoanza sindano za ini. Kila wiki alienda kliniki moja Kawangware, akadungwa, akarudi akitetemeka kwa homa. Nywele zilinyonyoka. Alimfokea mkewe Lavender kwa kitu kidogo kama chumvi, halafu akalia. Kazi ikamshinda.

Lavender alivumilia kwa sababu Daktari Urbanus, mwenye kliniki, alisema hiyo ndiyo dawa ya hepatitis C, virusi vinavyoshambulia ini, na matibabu ni ya mwaka mzima. Walilipa kidogo kidogo kila wiki, kwa pesa ya omena, dagaa ambao Lavender alikuwa akiuza mtaani Kisumu Ndogo.

Siku moja Sabah, mama Mnubi mwenye nyumba waliyopanga, alikuja kununua omena akauliza mbona mumewe, Baba Austin, amekonda vile. Lavender akamweleza. Sabah akashangaa. Kaka yake Farouk aliugua ugonjwa huohuo, akameza vidonge miezi mitatu tu, akapona, na kazini alikuwa akienda kama kawaida.

Lavender akaenda hospitali ya serikali kuuliza. Daktari wa huko, msichana mtulivu, alimweleza bila haraka. Sindano ni dawa ya zamani; huponya karibu nusu ya wagonjwa na huwatesa sana. Vidonge huponya karibu kila mtu. Bei yake ya mwezi mmoja inatisha, lakini ukijumlisha matibabu yote mpaka mwisho, sindano ndizo ghali. Lavender alirudi nyumbani kwa miguu, ana hasira, akamweleza Shivachi.

Walienda Kawangware pamoja. Lavender alipomuuliza kuhusu vidonge, Urbanus hakukana. Vidonge anavijua, alisema, lakini watu wa mjengo, vibarua kama wao, hawawezi kutoa pesa nyingi mara moja, kwa hivyo aliwapa ile wanayoweza kulipia.

"Ulimuuliza nani kama tunaweza?" Lavender akasema.

"Mama, niliwahurumia."

"Huruma gani hii? Ungetuambia dawa ni mbili, hii inaponya hivi na ile vile, bei ni hii. Tungeuza mashine yake ya kuchomelea. Tungekopa. Hata tungekataa. Lakini tungeamua sisi."

Shivachi alikuwa ameinamisha kichwa, hana nguvu hata ya kugombana. Lavender akatoka mpaka pale wagonjwa walipokuwa wamekaa, akauliza nani mwingine anadungwa sindano za ini. Mwanamke mmoja aitwaye Kaluki akainua mkono polepole. Lavender akamwambia yote mbele ya watu, Urbanus akimsihi anyamaze. Kaluki akachukua mkoba wake, akaondoka pamoja na Lavender na Shivachi.

Mashine iliuzwa, Sabah akakubali kungojea kodi, na vidonge vikanunuliwa. Shivachi alimaliza dozi na vipimo vikaonyesha virusi vimeisha. Lakini ini lilikuwa limeshapata makovu, na hakuna aliyeweza kusema ni kiasi gani kingeepukika kama angepewa vidonge tangu mwanzo. Sasa anachomelea kwa mashine ya mtu, kwa kibarua.

Kanisani walimwambia Lavender ashukuru na asamehe. Kushukuru alishukuru. Kisha yeye na Kaluki wakapeleka malalamiko kwa wanaosimamia madaktari. Jibu halijaja. Kliniki iko wazi, na Lavender kila akiambiwa asahau, anauliza asahau nini hasa.